Naomba ushauri: darasa moja, watoto wa uwezo tofauti

Ndugu wazazi na walimu, ninafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tangu serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, jambo ambalo silipingi hata kidogo, watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja. Wamo wanaomaliza hesabu za sehemu kabla sijafuta ubao, na wamo ambao bado wanasoma kwa kuunganisha silabi. Nashuku kwamba baadhi ya hao tunaowaita wazito wanakosa Kifaransa tu, kwa maana nikiwaeleza sehemu kwa Kiswahili, huku nikikata kipande cha sabuni, wanajibu bila kusita. Hata hivyo programu ni moja, na mwakani wote watakabili mtihani uleule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Nimewaza kuwagawa katika makundi matatu kwa saa moja kila siku, ili wenye nguvu wafanye kazi peke yao nami nikae na walio nyuma. Mkurugenzi wa shule anahofia wazazi watasema nabagua, naye hakosei kabisa: mtoto aliyewekwa kundi la chini hujua upesi, hata ukilipa kundi hilo jina la ua.

Je, mliowahi kugawa darasa kubwa namna hii, mliwahamisha watoto makundi kila baada ya muda gani, na wazazi wao mliwaelezaje? Tena, kumpa mwanafunzi hodari kazi ya kumfundisha mwenzake kunamjenga, au kunampotezea muda wake?