Mjadala: Mkuu wa mkoa ateuliwe au achaguliwe, na awajibike kwa nani?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: je, wakuu wa mikoa wa Tanzania Bara waendelee kuteuliwa na Rais kama Ibara ya 61 ya Katiba inavyoelekeza, au wachaguliwe na wananchi wa mkoa husika? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema uteuzi unalinda umoja wa nchi na kuziba mwanya wa ukabila, na wapo wanaosema mtu asiyepigiwa kura hawezi kuwa na uchungu na mkoa. Mimi naunga mkono uteuzi, lakini kwa sharti ambalo wenzangu wa upande huu hawajaligusa.

Naunga mkono kwa sababu ya Shinyanga. Miti ya mkoa ule ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupata mashamba ya pamba, hadi watu wakaanza kuuita jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, watumishi wake waliikuta desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo mvua zinapoanza ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Waliijenga kazi yao juu ya desturi hiyo, wakaziacha familia na vijiji vitenge maeneo vyenyewe na kuyalinda kwa taratibu zao, na mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Hakuna mtumishi wa mradi ule aliyepigiwa kura. Walikuwa na lengo, na waliwasikiliza wenye ardhi.

Lakini lengo bila kusikiliza lilishatugharimu. Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alikuwa msomi aliyeisimamia sera ya ujamaa bila kulegeza. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 alikwenda hadi shambani kwa mkulima Said Mwamwindi, Isimani, wakakosana, naye akapigwa risasi akafa. Mwamwindi aliupeleka mwili polisi mwenyewe, na baadaye akahukumiwa kunyongwa. Silitaji jambo hili kumlaumu marehemu yeyote. Nalitaja kwa kuwa kati ya mkuu wa mkoa na mkulima hapakuwa na baraza ambalo wote wawili wangeweza kulipelekea shauri lao. Mwaka uliofuata, mpango wa Madaraka Mikoani ulizivunja hata halmashauri zilizokuwapo, ikabidi kusubiri sheria za mwaka 1982 ndipo zikarejeshwa.

Pengo hilo lingalipo. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja cha kanda ya ziwa. Wananchi walikuwa wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao hadi kwenye linta, wakabaki wakisubiri fedha za kupaua. Majani yalikuwa yameota ndani, na mpapai mmoja ulikuwa umechomoza kwenye uwazi wa dirisha. Kiongozi aliyefika siku ile aliuliza kwa nini jengo halijaezekwa, na kabla mtendaji wa kijiji hajamaliza kueleza, akaamuru awekwe ndani. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, na jambo hilo linaniuma hadi leo, maana baadaye tulielewa kwamba fedha zile hazikuwa zimefika kijijini kabisa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe hadi saa 48, na masharti yake yanahusu makosa ya jinai na uvunjifu wa amani. Kuchelewa kwa mabati hakumo.

Ndugu aliyesema tufuate mfano wa Kenya, yenye magavana 47 wanaochaguliwa tangu mwaka 2013, ana hoja nzito. Hata hivyo, Ferdinand Waititu wa Kiambu alichaguliwa mwaka 2017, na bado bunge la kaunti likapiga kura ya kumwondoa, Seneti ikathibitisha Januari 2020. Uwezo huo wa kumhoji na kumwondoa kiongozi kabla ya uchaguzi mwingine ndio ninaotamani tuuige.

Kwetu, Kamati ya Ushauri ya Mkoa inaongozwa na mkuu wa mkoa mwenyewe, na kazi yake ni kushauri tu. Napendekeza iongozwe kwa zamu na wenyeviti wa halmashauri, na kila mwaka mkuu wa mkoa asomewe mbele ya kamati hiyo ahadi alizozitoa hadharani, moja baada ya nyingine, aeleze iliyotekelezwa na iliyokwama. Kifungu cha saa 48 kiondolewe, kwa kuwa polisi na mahakama zipo. Wanaotaka uchaguzi nawaomba wanijibu: hayo yakifanyika, kura itaongeza nini? Na wenzangu wanaotetea uteuzi wanieleze kwa nini mteule wa Rais asiulizwe na mwenyekiti wa halmashauri habari za zahanati isiyo na paa.