Kampuni tatu, mlima mmoja: ipi tuipe pesa yetu?

Pandashuka
Wakuu, habari. Tuko wanne na mwakani tunataka kupanda mlima mrefu. Hauhitaji kamba wala shoka la barafu, ila kilele chake kimepita mita 5,500. Tumebakiwa na kampuni tatu. Sitaji majina yao, wala mlima wenyewe, ili tuzungumzie namna ya kuchagua.

A ni wakala mkubwa aliye mbali na mlima. Tovuti nzuri, majibu ndani ya saa moja, siku saba, bei ya juu kuliko wote. Nilipouliza nani hasa atatuongoza, nikajibiwa "washirika wetu wa huko".

B ni wenyeji wa mlimani. Bei ya kati, siku nane. Wanachelewa kujibu, lakini anayejibu ni mwenye kampuni, na ametuuliza maswali kuliko tulivyomuuliza sisi: nani ana pumu, nani amewahi kulala juu ya mita 3,000.

C bei yake ni karibu nusu ya A. Siku tano, na wanaahidi kwamba karibu kila mteja wao hufika kileleni.

Wenzangu wawili wanaegemea C. Mimi roho haijatulia. Unafuu wa namna hiyo unatoka wapi?

Mzigo20
Unatoka mgongoni mwa mtu, ndugu yangu. Nimebeba mizigo milimani miaka tisa kabla sijawa kiongozi, kwa hiyo naongea nililolibeba.

Ada za hifadhi kampuni haiwezi kuzipunguza. Gesi na usafiri navyo vina bei zake. Anayetaka kushusha bei anabaki na vitu vichache vya kukata: siku, idadi ya wapagazi, ujira wao na chakula chao. Mzigo haupungui, wanaopungua ni watu wa kuubeba.

Kilimanjaro mzigo wa mpagazi ukomo wake ni kilo 20 na hupimwa getini. Peru, kwenye Njia ya Inka, sheria inasema kilo 20 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Sheria nzuri hizo. Lakini mizani iko getini tu. Kuna kampuni niliyofanyia kazi ambayo tulipima wote, tukapita, kisha kwenye kona ya pili wawili wakaambiwa warudi nyumbani. Mizigo yao tukagawana. Mgeni alikuwa mbele na kiongozi, hakuona kitu.

Kwa hiyo usiulize "mnawajali wapagazi?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: kwa wageni wanne mnapeleka wapagazi wangapi? Wanalipwa kiasi gani kwa siku, na wanalipwa lini baada ya kushuka? Wanakula mara ngapi? Wanalala kwenye hema gani? Anayelipa vizuri hukutajia tarakimu papo hapo. Kilimanjaro kuna KPAP, shirika lililoko Moshi linalofuatilia mambo haya kwa kampuni zinazokubali kukaguliwa. Kama mlima wenu una chombo kama hicho, anzieni hapo.

NesiMwinuko
Mzigo20 kasema ya mgongoni, mimi niseme ya kichwani na kifuani.

Pandashuka, zitake kampuni zote tatu ziwape orodha ya kimo cha mahali mtakapolala kila usiku. Kilele acha kwanza, andika mahali pa kulala. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa sana ni huu: ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne uwe na siku ya kupumzika bila kupanda kimo cha kulala. Pigeni hesabu hiyo kwenye siku tano za C muone kama inaingia. Kwenye mita 5,500 shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la usawa wa bahari. Mazoezi ya mbio hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Nimewahudumia vijana wenye misuli waliotapika usiku kucha huku mama wa miaka sitini anayetembea polepole akinywa chai yake.

Ulizeni pia wanaupima vipi ugonjwa huo. Kipimo kiitwacho Lake Louise ni rahisi, ni cha kuhesabu dalili: kuumwa kichwa, tumbo kuchafuka, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja alama 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, umeshaugua, na hupandi zaidi mpaka upate nafuu. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, lakini kiongozi anayesoma namba bila kukuuliza unajisikiaje hajafundishwa.

Halafu swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote: nani ana mamlaka ya kumshusha mgeni, na je, kiongozi hupoteza pesa mgeni asipofika kileleni? Anayehema akiwa amekaa tu, au anayeyumba akiambiwa atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, lazima ashuke muda huohuo, hata kama ni usiku. Oksijeni ya mtungi na mfuko wa shinikizo, ule ambao mgonjwa hulazwa ndani ukajazwa hewa, vinakununulia muda wa kushuka, havikupi ruhusa ya kuendelea.

Jiwe_la_Pembeni
Mimi natetea A kidogo. Wenyeji si cheti. Nilishapanda na kampuni ya wenyeji watupu, kiongozi hana redio, sanduku la dawa lina plasta na vidonge vya kichwa. Wakala mkubwa ana mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, na ana mkataba unaoweza kuutumia kumdai.

Shida ya A ni hao "washirika". Mtake aandike jina la kampuni ya huko kabla hujalipa hata senti, kisha muulize ni sehemu gani ya pesa yako inayoifikia. Unaweza kulipa bei ya A ukaongozwa na C.

Siku5Zilitosha
Wakuu, si wote tuna pesa. Mimi nilipanda kwa siku tano na kampuni ya bei rahisi na nikafika. Wengine tukisubiri kampuni kamilifu hatutapanda milele.

Mzigo20
Nakuelewa kabisa, na nafurahi ulirudi salama. Lakini pesa ikiwa ndogo ziko njia nyingine. Ongezeni watu ili gharama ya viongozi igawanyike. Nendeni nje ya msimu wa watu wengi. Au chagueni mlima mfupi zaidi mwaka huu, muufanye kwa siku zake kamili. Mlima uleule kwa bei nusu, kuna mtu mwingine anayelipia hiyo nusu.

Kijani_Juu
Hakuna aliyetaja choo. Juu kule baridi ni kali na udongo mchache, kinyesi hakiozi kama kinavyooza chini. Kampuni inayojali hubeba choo cha hema na kushusha uchafu. Sehemu za chini zenye udongo, shimo liwe la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji. Waulizeni takataka zinapimwa wapi wakishuka, na kama wapagazi nao wanapikiwa kwa gesi. Nimeona wageni wakipikiwa kwa gesi huku wapagazi wameachwa wakate kuni.

Jiwe_la_Pembeni
Na bima. Someni ukomo wa kimo, nyingi hazifiki mita 5,000 bila kuongeza malipo. Nepal mwaka 2018 serikali ilichunguza kampuni zilizokuwa zikiwasukuma wageni kwenye helikopta bila sababu ili zivune pesa za bima. Ulizeni nani huamua kuita helikopta.

Pandashuka
Nimerudi. Maswali yenu niliyatuma kwa wote watatu kwa maneno yaleyale.

C walijibu "msiwe na wasiwasi, sisi ni wazoefu", pamoja na punguzo jingine. Hilo punguzo ndilo lililowageuza wenzangu.

A walichukua siku mbili, wakataja kampuni ya huko. Kuhusu ujira wa wapagazi walisema ni siri ya kibiashara.

B alituma orodha ya kambi zote na vimo vyake, wapagazi 12, ujira kwa siku na siku ya kulipwa. Kiongozi halipwi zaidi mgeni akifika kileleni. Akakiri bila kuulizwa mara ya pili kwamba wapagazi wake hulala kwenye hema la kulia chakula wageni wakishaondoka mezani. Nikamwomba bei ikiwa na hema lao wenyewe. Imepanda kidogo, tumekubaliana wanne tuigawane.

Mzigo20
Hilo hema, jioni ya kwanza kambini nenda ukalione kwa macho yako. Wasalimie, jua majina yao. Likiwa halipo, mwambie kiongozi jioni hiyohiyo, mkiwa bado karibu na geti na gari linaweza kulileta.