Neslihan Yiğit na Özge Bayrak: mbona Uturuki hupeleka mmoja tu Olimpiki?

Raketi_Mbeya
Wadau wa vinyoya (badminton), salaam. Nimekuwa napitia rekodi za Neslihan Yiğit wa Uturuki na kuna mambo hayanikai sawa. London 2012 yupo, ana miaka 18. Rio 2016 hayupo, nafasi kachukua Özge Bayrak. Tokyo anarudi yeye. Aliumia, alitemwa au kiwango kilishuka? Na hao wawili si maadui, maana Michezo ya Mediterania ya Mersin 2013 walicheza pamoja wawili-wawili na kutwaa dhahabu.

La pili: matokeo yake mengi ni ya mashindano madogo ambayo hata kwenye runinga huyaoni. Mtu anapandaje kwa mashindano hayo mpaka Olimpiki? La tatu, huyu Neslihan Arın ni mdogo wake?

MzeeWaWavu
Mkuu, hakutemwa. Ni hesabu ya nafasi tu.

Olimpiki ya London ilichukua wachezaji 38 hivi kwa wanawake mmoja-mmoja, kwa kufuata orodha ya viwango vya dunia ya mwanzoni mwa Mei 2012. Unaanza juu unashuka. Nchi inapeleka mmoja. Ili ipeleke wawili, wote wawili lazima wawe ndani ya 16 bora duniani. (London walikuwa wanaruhusu hata watatu kama wote wako ndani ya 4 bora, kuanzia Rio hilo likafutwa.) Ukikutana na mtu wa pili wa nchi ileile aliye nje ya 16 unamruka, hata kama anamzidi kwa mbali yule utakayemchukua chini yake. Wachina, Wajapani, Wakorea na Wathai wanarukwa wengi, na ndiyo maana mtu wa nafasi ya 60 hivi anaweza kujikuta ndani.

Sasa Yiğit na Bayrak wote walikuwa nje ya 16 bora. Maana yake miezi 12 ya kufuzu ilikuwa mbio za ndani ya nyumba: anayemaliza juu ya mwenzake, hata kwa pointi chache, ndiye anayepanda ndege. Mzunguko wa kwanza akamaliza juu Neslihan, na akawa Mturuki wa kwanza kabisa kucheza badminton Olimpiki. Mzunguko wa Rio ikawa zamu ya Özge. Mtu anaweza kucheza vizuri mwaka mzima na bado akabaki nyumbani kwa sababu mwenzake wa chumba kimoja kacheza vizuri zaidi kidogo.

Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoinua wanawake wa Uturuki kuliko jambo lolote. Shirikisho lao limeanza 1991 tu, lakini ndani ya kizazi kimoja walipata wawili wanaosukumana hivyo.

Pointi_Tupu
Nijibu la mashindano madogo, maana watu wengi hawapigi hesabu yake.

Kiwango cha dunia ni jumla ya matokeo yako 10 bora ndani ya wiki 52. Ukicheza 18, nane hayahesabiwi. Mashindano yana ngazi, na pointi za bingwa kuanzia ngazi ya chini kwenda juu ni: International Series 2,500, International Challenge 4,000, Super 100 ni 5,500, Super 300 ni 7,000, na kuendelea hadi Super 1000 yenye 12,000. (Majina ya Super na namba yalianza 2018. Enzi za London ngazi hizo ziliitwa Grand Prix, Grand Prix Gold na Super Series, ila Challenge na Series zilikuwepo.)

Kwenye Challenge anayepoteza fainali ana 3,400, nusu fainali 2,800, robo 2,200, raundi ya 16 bora 1,520. Halafu tazama Super 300: unayetolewa mechi ya kwanza tu unaondoka na 1,670. Ukishinda mechi moja ndipo ukatolewa, 2,750. Yaani ushindi mmoja wa Super 300 unazidi kombe zima la Series, ambalo limekugharimu mechi tano.

Mfano wa mwaka mzuri wa mchezaji wa aina ya Yiğit: kombe moja la Challenge (4,000), nusu fainali mbili za Challenge (5,600), robo nne (8,800), na mara tatu 16 bora ya Super 300 (8,250). Jumla 26,650. Akienda kubeba kombe la Series, litachukua nafasi ya robo fainali moja: 2,500 badala ya 2,200. Wiki nzima, nauli, hoteli, kwa nyongeza ya pointi 300. Kwa hiyo Series ni ya kujengea jina ukiwa kijana, baadaye unaiacha.

Wengi huanguka kwenye kufutika kwa pointi. Kombe la Novemba mwaka jana linatoka kwenye hesabu Novemba hii. Usipolitetea, pengo linazibwa na tokeo lako la 11, tuseme 1,520, na umeshuka 2,480 kwa wiki moja bila kupoteza mechi yoyote. Ukiona mchezaji ameporomoka ghafla, angalia kwanza alifanya nini wiki hiyohiyo mwaka uliotangulia kabla ya kusema kaisha.

Raketi_Mbeya
Kumbe! Basi si akimbilie makubwa tu, apoteze mechi ya kwanza kila wiki?

Kinyoya_Lugogo
Hesabu inakubali, mlango ndio unakataa. Droo ni ya watu 32, na kwenye Super 300 nafasi 28 zinatolewa kwa kiwango cha dunia, 4 zinabaki za mchujo. Kiwango kidogo maana yake uanzie mchujo, ukitolewa humo pointi ni kiduchu na nauli umeshalipa. Halafu hata ukiingia, hujawekwa miongoni mwa wanaolindwa kwenye droo (wenye viwango vya juu, wanaotenganishwa wasikutane mapema), unaweza kukutana na kigogo kama Ratchanok Intanon wa Thailand raundi ya kwanza. 1,670 kumi ni 16,700, hiyo haikufikishi kokote.

Mpangilio unaoleta matunda ni wa kuchanganya: Challenge za Ulaya ambako unalindwa kwenye droo, na Super 300 zile ambazo vigogo wamezipumzikia. Wapo pia Wazungu wanaokuja kwetu Kampala kwenye Uganda International kwa hesabu hiyohiyo, pointi ni zilezile za ngazi yake popote inapochezwa. Na kusaka pointi hakuwahusu Wazungu tu: kila bara linahakikishiwa angalau mchezaji mmoja, ila Edwin Ekiring wetu wa Uganda aliyefika Beijing na London naye alilazimika kuzunguka dunia kutafuta pointi.

MzeeWaWavu
Niongeze Tokyo, kwa sababu ndipo watu wanamwonea Yiğit. Kipindi cha kufuzu kilianza Aprili 2019, korona ikakikata Machi 2020, kikafungwa Juni 2021. Ndani ya miezi ile ya mwisho akatwaa shaba ya Ulaya, Kyiv 2021 (waliopoteza nusu fainali wote hupewa shaba, hakuna mechi ya kutafuta wa tatu). Kule Tokyo akawekwa kundi moja na Chen Yufei wa China. Kundi ni watu watatu, anayetoka ni mmoja. Chen ndiye aliyekuja kuvaa dhahabu. Ukisoma "alitolewa hatua ya makundi" bila kuangalia alikuwa na nani, utadhani alicheza ovyo.

Pea_Mchanganyiko
Hamjagusa wawili-wawili, na ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mchezaji wa peke yake anatumia uwanja wa upana wa mita 5.18 na mstari wa nyuma kabisa kwa kuanzisha. Wawili-wawili upana ni mita 6.10, lakini mstari wa kuanzishia unasogea ndani sentimita 76. Aliyetoka kwenye mechi ya peke yake akili yake bado iko kwenye kinyoya kirefu cha juu. Akikirusha hivyo wawili-wawili kinadondoka nje au kinapigwa smash (pigo kali la kushuka) papo hapo. Ndiyo maana wanaanzisha kwa mkono wa nyuma, kifupi, kinachopita juu ya wavu kwa vidole viwili vitatu.

Tangu 2018, wakati wa kuanzisha, kinyoya lazima kipigwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, awali kipimo kilikuwa mbavu za chini za mchezaji mwenyewe. Warefu walipunguziwa uhuru, wafupi waliongezewa. Kwa waliojifunza miaka ya kabla ya hapo, ni kubadili mkono katikati ya safari.

Na ratiba: ukifika nusu fainali pande zote mbili, unacheza mechi mbili siku moja, ya pili ukiwa na miguu mizito. Mbio za Olimpiki zikipamba moto, wengi huacha upande mmoja.

Pointi_Tupu
Neslihan Arın si mdogo wake, ni yeye mwenyewe. Yiğit ni jina la kuzaliwa. Ukitafuta rekodi, andika majina yote mawili, la sivyo utapata nusu ya matokeo. Ile "ı" isiyo na nukta nayo inasumbua: tovuti nyingine zinataka "Arin", na "Yiğit" jaribu "Yigit". Kwenye tovuti ya shirikisho la dunia bonyeza jina lake ndani ya droo ya zamani, ukurasa wake unafunguka. Vivyo hivyo Özge andika "Ozge".

Raketi_Mbeya
Nimeona, "Yigit" imekubali. Naanza na droo za 2011, nizipange wiki kwa wiki dhidi ya za Özge.