Mashine ya kwanza ya kupolishi rangi ya gari: DA, rotari au mtumba wa Japani?

Kijana wa Mark X
Wakuu habari za jioni. Nina Mark X nyeusi, niliitoa bandarini mwaka jana. Kivulini inawaka, ukiitoa juani boneti lote ni utando wa buibui, mikwaruzo midogo midogo kila mahali. Chanzo nakijua: vijana wa kuosha pale barabarani, ndoo moja ya sabuni ya unga, sponji moja inaanzia kwenye rimu inamalizia kwenye paa. Nataka mashine yangu nijifunze, nikishazoea nipige na za washkaji. Bajeti laki nne, kila kitu humo humo. Kariakoo nimekuta hivi:

A: Rotari mpya isiyo na jina, rahisi, muuzaji ananiongezea pedi ya manyoya na kopo la kompaundi (dawa kali ya kukwangua rangi) bure.
B: DA mpya ya Kichina ya milimita 15. Hii inakula zaidi ya nusu ya bajeti.
C: Mtumba wa Japani, chapa kubwa, nzito mkononi, bei iko katikati.

Jirani yangu anasema nisinunue chochote, nifunge pedi kwenye grenda yake. Nishaurini.

Mpiga Deki
Huyo jirani mkimbie. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kupolishi kazi nyingi inaishia chini ya 2,000. Utaiona praima, ile rangi ya chini kabisa, kabla hujajua kama umeanza.

Chukua B. Rotari inazungusha pedi mhimili mmoja, joto linajikusanya palepale. DA inazunguka huku inayumba, na ukiikandamiza kupita kiasi au ukiilaza upande, mzunguko unakufa wenyewe, inabaki kutetemeka tu. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni salama yake. Klia ya kiwandani, lile tabaka la juu lisilo na rangi, mara nyingi ni mikroni 40 hadi 60, nyembamba kuliko nywele za watu wengi. Hakuna cha kuchezea hapo. Hiyo 15 ni upana wa kuyumba: za 21 zinafunika boneti haraka lakini kwenye kona za bampa zinasumbua, na za 8 zinakwenda polepole. 15 inatosha gari zima.

Fundi Mzee
Mnawatisha watoto bure. Mimi mwaka wa 19 gereji, riziki yangu yote imepita kwenye rotari. Gari likitoka kupakwa rangi, tumelainisha kwa msasa wa maji namba 1500, niletee hiyo DA yako ya Kichina tuone itamaliza saa ngapi. Rotari na manyoya nimemaliza mlango kabla hujamaliza chai.

Ila kijana nikuambie ukweli. Kuna mstari mkali wa boneti, pale bati linapokunjika. Rangi pale huwa nyembamba, ndipo wanafunzi wangu wote walipochomea. Na bampa ni plastiki, joto halina pa kukimbilia kama kwenye bati. Ukichukua A, usianze na gari lako.

Mpiga Deki
Mzee hatubishani kwenye kasi. Lakini yeye hana alama za msasa, ana utando wa buibui. Na rotari kwenye nyeusi ikishikwa na mgeni inaacha mawimbi yanayocheza juani, mabaya kuliko alichokuwa nacho.

Fundi Mzee
Hapo kweli. Mwisho hata sisi tunarudia na sponji laini.

Mama IST
Mdogo wangu, kabla hujatoa hela ya C, igeuze usome kibati. Japani umeme wao ni volti 100, sisi 230. Mimi nilinunua ya hivyo, muuzaji kaapa kwa miungu yote kwamba "inakubali umeme wowote". Niliichomeka nyumbani, ikanguruma kama trekta, ikatoa moshi, basi. Nilipoirudisha nikaambiwa sikuuliza vizuri. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ya kubeba mashine ya wati 1,000 ni kubwa na nzito, ukijumlisha gharama umeshavuka bei ya B.

Jambo la pili kwa mwenye rotari: uzi wa kufungia sahani, ile inayoshika pedi. Nyingi za soko letu ni M14, za Marekani ni inchi 5/8, na haziingiliani. Usinunue sahani kwa kuitazama tu, nenda na mashine mkononi.

Mswahili wa Maskati
Assalaam alaykum. Ndugu yangu, fungua boneti utazame kile kibao, palipoandikwa C/TR, ndipo ilipo namba ya rangi. Ikiwa ni 202, hiyo nyeusi ya Toyota ni laini mno. Hata taulo kavu yaikwaruza. Maana yake huhitaji kompaundi kali hata chembe, wala hayo manyoya ya bure. Anza na polishi ya kati kwa pedi ya sponji ya kati, ujaribu kipande cha sentimita 50 kwa 50. Kikikubali, gari zima wenda nalo hivyo hivyo. Kisipokubali ndiyo upande daraja.

Wala usinunue pedi kwa rangi yake. Kila kampuni ina rangi zake: njano ya Rupes ni laini ya kumalizia, njano ya Lake Country ni kali, ya kukata. Mimi nilidhani njano ni njano, nikajifundisha kwa gari la shemeji. Mpaka leo hanikopeshi.

Na jua. Bati likiwa la moto dawa yakauka kabla haijafanya kazi, yabaki vumbi na mabaka. Huku kiangazi twafanya baada ya Isha.

Wa Likoni
Mimi naona bajeti yake imekaa vibaya. Watu wote wanabishana mashine, halafu jamaa anabaki na hela ya pedi moja. Pedi moja haimalizi gari! Inalowa, inajaa uchafu wa rangi, inapata moto, inaanza kufumuka kwenye velkro. Angalau tatu au nne za kati na mbili laini, za ukubwa mmoja unaolingana na sahani ya inchi 5. Zile seti za vipande ishirini na kitu achana nazo, nusu yake utazifanya za kuoshea vyombo.

Halafu: taulo za maikrofaiba kumi zisizo na pindo gumu, brashi ya kusafishia pedi kila ukimaliza kipande, udongo wa kusugulia rangi kabla ya mashine (ukipitisha kiganja na rangi inakwaruza kama ganda la nanasi, hujamaliza kuosha), na isopropili (aina ya spiriti) ya kupunguza kwa maji. Hiyo ya mwisho usiiruke. Polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Unadhani imeisha, mvua mbili baadaye imerudi. Pangusa kwanza, ndipo uamini macho.

Na kalamu ya maka: chora mstari kwenye ukingo wa sahani. Ukiuona unapita unazunguka, uko sawa. Ukisimama, punguza mkono.

Kijana wa Mark X
Nimetazama, ni 202 kweli. Maswali mawili. Kuna mkwaruzo mlangoni kucha inakwama. Na bampa la nyuma lilishapakwa rangi mtaani, nitajuaje kama lina klia?

Fundi Mzee
Kucha ikikwama uache, ukiufukuza utamaliza klia. Bampa, chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, sugua kwa mkono pembeni. Kikitoka cheusi hapo hakuna klia, au imekwisha. Mashine isipite, tia nta tu.

Kijana wa Mark X
Nimeelewa wakuu. Naenda na B. Polishi ya kati chupa ndogo, pedi nne za kati na mbili laini, taulo, brashi, udongo, isopropili. Kompaundi na nta zitasubiri mwisho wa mwezi. Shida iliyobaki ni hiyo ya kutoanza na gari langu.

Fundi Mzee
Nina boneti la Corolla lililogongwa, liko nyuma ya gereji linaota kutu. Njoo Jumamosi asubuhi kabla ya jua. Ekstensheni uje nayo, yangu wameazima hawajarudisha.