Tupeane uzoefu: Kodi ya mapato ukiishi ugenini muda mrefu, siku 183 zilikufikisha wapi?

Mlango Wazi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mara naulizwa swali lilelile: "Nipo nje kikazi, sijafikisha siku 183, nalipa kodi au silipi?" Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe hivyohivyo, nikajijibu mwenyewe, na jibu langu likanigharimu.

Mwajiri wangu alinituma nchi nyingine kusimamia mradi wa miezi mitano. Nikapiga hesabu: siku 150 na ushee, 183 haifiki, basi kodi ya huko hainihusu. Mwezi wa tatu mshahara wangu ukahamishwa, ukawa unalipwa na tawi la kampuni lililoko hukohuko. Niliona ni mambo ya benki tu. Mwaka uliofuata nikapokea barua mbili ndani ya wiki moja, nchi mbili zikidai kodi juu ya mshahara uleule.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Mikataba mingi ya kuepuka kutoza kodi mara mbili inafuata kielelezo cha OECD (shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi), na kifungu cha 15 cha kielelezo hicho kina masharti matatu yanayokwenda pamoja: usizidishe siku 183 katika kipindi chochote cha miezi 12, mshahara wako ulipwe na mwajiri asiye mkazi wa nchi uliyokwenda, na gharama ya mshahara huo isibebwe na tawi la mwajiri lililoko huko. Likikosekana moja, nchi uliyofikia ina haki ya kukutoza tangu siku ya kwanza ya kazi. Mimi nilishika sharti la kwanza na sikujua kama kuna mengine mawili. Tena, hayo yote ni pale ambapo mkataba upo. Kama nchi hizo mbili hazina mkataba, unabaki na sheria za ndani za kila upande.

Nililipa ugenini, kisha nikaomba nyumbani nipunguziwe kiasi kile nilichokwisha kulipa. Nyumbani wakataka cheti cha malipo ya kodi kutoka huko. Wa kukiomba alikuwa tawi, na tawi lilikuwa limeshafungwa. Nilizunguka na barua pepe miezi 14 hadi nikakipata. Karatasi moja.

Sasa karibuni. Taja nchi, nini kilikukuta, na karatasi gani ilikuokoa. Msiandike majina ya watu wala ya kampuni.

Mwanafunzi wa Zamani

Asante kwa uzi huu mkuu. Langu ni la Marekani, viza ya F-1 ya mwanafunzi, na nilifanya kosa ambalo naona vijana wanalirudia kila mwaka.

Wengi hatujui kwamba mwanafunzi wa viza ile kwa kawaida hahesabiwi siku zake za ukazi wa kodi kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo. Unaweza kukaa huko mwaka mzima bila kutoka na bado kikodi ukawa "si mkazi". Maana yake unajaza ritani (taarifa ya mapato na kodi) ya asiye mkazi, 1040-NR, pamoja na Fomu 8843 ya kueleza kwa nini siku zako hazihesabiwi, na hata kama hukupata senti, 8843 unaituma. Mimi nilitumia programu ya kawaida ya mtandaoni ambayo kila mtu chuoni alikuwa akiitumia. Haikuniuliza habari ya viza. Ikanitolea ritani ya mkazi, ikanipa na nafuu ya ada ya masomo ambayo haikuwa haki yangu, pesa ikaingia benki nami nikaitumia. Miaka miwili baadaye nilipokuwa naandaa makaratasi ya kubadilisha viza, wakili akaiangalia ile ritani akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Hii alikujazia nani?" Ilibidi nitume ritani ya marekebisho na kurudisha fedha pamoja na riba.

Upande wa pili niliibiwa bila mtu kukusudia kuniibia. Mwanafunzi asiye mkazi, kwa kazi ambayo viza yake inairuhusu, hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare (bima ya afya ya serikali), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Nilikuwa nakatwa. Siku moja nimekaa na hati yangu ya mshahara, nikaona mistari miwili midogo chini ya kodi ya shirikisho, nikaanza kujumlisha mwezi kwa mwezi. Nilikwenda kwa mwajiri kwanza, kwa sababu utaratibu ndivyo ulivyo. Ya mwaka ule akarudisha. Ya mwaka wa nyuma alikataa, nikaidai kwa mamlaka ya kodi kwa Fomu 843 na kuambatanisha Fomu 8316. Ilichukua muda, lakini ilikuja yote.

Vijana, someni hati ya mshahara mstari kwa mstari mwezi wa kwanza tu.

Daftari la Safari

Naongezea hapohapo Marekani kwa sisi tunaokwenda na kurudi. Nilikuwa nakaa huko siku 130 kila mwaka kwa kazi za ushauri, nikijua niko mbali na 183. Kumbe wanajumlisha miaka mitatu: siku zote za mwaka huu, theluthi ya mwaka jana, na sehemu ya sita ya mwaka juzi.

130, jumlisha 43 na ushee, jumlisha 21 na ushee. Inafika 195. Nilikuwa mkazi bila kujua.

Kilichonisaidia ni Fomu 8840, ya mtu ambaye mwaka husika hakufikisha siku 183, makao yake ya kazi yako nchi nyingine na uhusiano wake wa karibu uko huko. Ina tarehe ya mwisho, msiichezee. Kwa wanaotaka kujua mpaka: siku 120 kila mwaka zinatoa 180 kamili, kwa hiyo hapo uko chini.

Jambo jingine ni namna ya kuhesabu siku yenyewe. Marekani, ukitua saa tano usiku ile ni siku nzima. Uingereza wanaangalia zaidi ulikuwa wapi saa sita ya usiku. Safari ileile inaweza kuwa siku tatu upande mmoja na mbili upande mwingine.

Mama Mapacha

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Langu ni la Japani, na ni la kuondoka. Kuingia hakukuwa na shida.

Kule kuna kodi ya mapato ya taifa na kuna kodi ya wakazi ya serikali za mitaa, takriban asilimia 10 ya kipato kinachotozwa. Hii ya pili inakwenda nyuma kwa mwaka mmoja. Wanaangalia tarehe 1 Januari ulikuwa na anwani wapi, wanakokotoa kwa kipato cha mwaka uliopita, na bili zinaanza kutoka mwezi wa sita. Mimi nimemaliza mkataba, nimefunga mizigo, nimeondoka mwezi wa tatu, moyo mweupe, najua sidaiwi. Mwezi wa sita bili ikafika kwenye nyumba niliyohama. Ningeondoka na kufuta anwani yangu kabla ya mwaka mpya, bili hiyo isingekuwepo. Wiki kumi na chache tu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa kazini ambaye nilikuwa nimemwandikisha awe mwakilishi wangu wa kodi. Nilimwandikisha kwa sababu nyingine kabisa. Mgeni anayeondoka anaweza kuomba mkupuo wa michango yake ya pensheni, na kwenye ile pensheni ya waajiriwa wanakata kodi ya zuio asilimia 20.42. Kodi hiyo inadaiwa kurudishwa, ila lazima kuwe na mtu anayeishi kule wa kukuwasilishia ritani. Si lazima awe mwanasheria. Nilijaza fomu ile asubuhi ya siku mbili kabla ya ndege, mtoto mmoja mgongoni na mwingine analia. Nashukuru Mungu nilijaza.

Na kwa mnaokaa: miaka mitano ya mwanzo mgeni hatozwi kwa mapato ya nje ambayo hayakulipwa wala kutumwa Japani. Ikipita mitano ndani ya kumi, wanatazama mapato yako ya dunia nzima. Kama una nyumba ya kupangisha mahali pengine, weka tarehe hiyo ukutani.

Mlango Wazi

Mama Mapacha, marahaba, na asante sana. Hilo la 1 Januari sikulijua.

Muuguzi wa Zamu

Uingereza, kwa ufupi. Mwaka wao wa kodi unaanza 6 Aprili. Nafuu ya mtu binafsi, yaani kipato kisichotozwa kodi, ni pauni 12,570 kwa mwaka, ila kwenye mshahara unapewa kidogokidogo kila mwezi. Niliondoka moja kwa moja mwezi wa tisa, kwa hiyo nilikuwa nimetumia karibu nusu tu ya nafuu. Nikajaza P85, fomu ya anayeondoka nchini, nikaambatanisha P45, hati ya mwajiri ya kumaliza kazi, nikarudishiwa fedha. Wenzangu watatu tulioondoka nao hawakujaza, walidhani kuondoka ndiyo mwisho wa hesabu. Nimewatumia ujumbe wakajaze, maana unaweza kudai miaka minne nyuma.

Tumaini la Asubuhi

Naomba kuuliza. Mimi nimehamia Dubai, huku mshahara hautozwi kodi ya mapato kabisa. Mke na watoto wamebaki nyumbani, nyumba yangu iko palepale, narudi likizo mara mbili kwa mwaka. Nimetulia, au sijatulia?

Kalamu ya Mhasibu

Tumaini, hujatulia, na nakuambia kwa nia njema.

Kutotozwa Dubai hakukuondolei ukazi wa nyumbani. Zipo nchi ambazo ukiwa na makazi ya kudumu humo, ukakanyaga ardhi yake kwa kipindi chochote ndani ya mwaka, wewe ni mkazi wa mwaka huo, na mkazi mara nyingi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Pale ambapo nchi zote mbili zinakuita mkazi na mkataba upo, kuna ngazi za kushuka: kwanza makazi ya kudumu yako wapi. Kama ni kote kote, kitovu cha maisha yako kiko wapi, yaani familia, mali, shughuli. Kisha unakoishi kwa kawaida, kisha uraia, na mwisho mamlaka zenyewe zinakubaliana. Kwako ngazi ya pili ni nzito: mke, watoto, na pengine hata akaunti kuu ya benki viko nyumbani.

Umoja wa Falme za Kiarabu wanatoa cheti cha ukazi wa kodi. Tangu Machi 2023 kuna kigezo cha siku 183, na kingine cha siku 90 kwa mwenye kibali halali cha ukazi aliye na makazi ya kudumu au ajira huko. Kiombe kila mwaka. Hakimalizi ubishi peke yake, lakini bila hicho huna pa kuanzia.

Jambo la pili. Ulipofungua akaunti ya benki ulijaza fomu inayouliza "nchi unayokuwa mkazi kwa ajili ya kodi" na namba yako ya mlipakodi. Wengi wanaipitia haraka wakiwa wamesimama dirishani. Taarifa zile, chini ya utaratibu wa OECD ulioanza kubadilishana mwaka 2017, zinatumwa kila mwaka kati ya nchi zaidi ya 100. Ulichoandika benki na ulichoandika kwenye ritani visipishane.

Tumaini la Asubuhi

Nimeelewa. Ile fomu kwa kweli siikumbuki niliandika nini. Jumapili hii naenda kuomba nakala.

Kando ya Njia

Ujerumani: ukiandikisha anwani wanakuuliza dini. Nilijibu kwa uaminifu, mwisho wa mwezi nikaona kodi ya kanisa, asilimia 9 juu ya kodi yenyewe (Bavaria na Baden-Württemberg ni 8). Sijutii, ila ningependa kujua kabla. Pia kama hulazimiki kuwasilisha ritani, unaweza kuiwasilisha kwa hiari hadi miaka minne nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi kuanzia Agosti tu, nikarudishiwa sehemu kubwa.

Upepo wa Kusi

Wenye grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu) mnaoishi nje ya Marekani, msidanganyike. Nilihama nikiwa nayo, nikakaa miaka sita bila kuwasilisha chochote nikiamini sidaiwi kwa kuwa siishi huko. Kadi ile, hadi uirudishe rasmi, inakufanya mkazi wa kodi kama raia, na akaunti za nje zikifika kwa jumla zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unatakiwa kuziripoti. Sikulala siku kadhaa nilipogundua. Nilipita kwenye utaratibu wao wa kujisahihisha kwa asiyefanya makusudi: ritani za miaka mitatu, ripoti za akaunti za miaka sita. Kwa anayeishi nje hakuna faini, unalipa kodi na riba kama ipo. Ila uende mwenyewe kabla hawajakuandikia.

Mgeni Mpya

Nimesoma yote. Naondoka mwezi ujao kwa mkataba wa miezi kumi na minane. Nianze na kipi?

Mlango Wazi

Mgeni Mpya, mwandikie mwajiri barua pepe leo, siyo simu: nani atanilipa, gharama itabebwa na ofisi ya nchi gani, na kodi ya huko atakata nani. Ujibiwe kwa maandishi. Omba cheti cha ukazi wa kodi cha nyumbani kabla hujapanda ndege. Uliza kama kuna mkataba na usome hesabu yake ya siku, maana mingine inahesabu kwa mwaka wa kodi. Na piga picha kila muhuri wa pasipoti siku hiyohiyo. Mmoja wa mihuri yangu ulikuwa umefifia, ilibidi nitafute tiketi ya basi kuthibitisha tarehe.

Mama Mapacha

Na muachie mtu anwani ya posta iliyo hai. Bili yangu ya Japani ilikaa wiki tano kwenye sanduku la barua la mpangaji mpya, na riba ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa.