Magari ya kebo ya La Paz na treni ya kuning'inia ya Wuppertal: je, ni usafiri wa aina moja?

Mwanamipango
Wakuu, salaam. Ninaandaa andiko la darasani kuhusu usafiri wa mijini unaopita juu ya barabara. La Paz, Bolivia, husafirisha watu kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, na Wuppertal, Ujerumani, ina treni inayoning'inia chini ya reli tangu mwaka 1901. Kwa kuwa vyote hutumia umeme, ni sahihi kuviweka kundi moja? Na umeme ukikatika, abiria aliye hewani anashukaje?

Fundi Mitambo
Mkuu, usiviweke kundi moja. Angalia mota iko wapi. Kibanda cha La Paz hakina mota yoyote ya kukiendesha. Mota iko kituoni, nayo huzungusha gurudumu kubwa linalovuta kebo iliyounganishwa kama kitanzi. Kibanda huishika kebo kwa kibanio chenye springi. Kikiingia kituoni kibanio hufunguka, kebo ikaendelea na kasi yake ileile, huku safu ya matairi madogo juu ya kibanda ikikipunguza mwendo mpaka abiria waweze kupanda bila kukimbia, kisha ikakisukuma tena hadi kasi yake ilingane na ya kebo ndipo kiishike upya. Aidha, vibanda vinavyoteremka husaidia kuvuta vinavyopanda, hivyo mota haibebi uzito wote.

Treni ya Wuppertal ina mota zake yenyewe. Umeme ukikatika husimama ilipo, na imewahi kulazimu watu washushwe kwa ngazi za zimamoto. Kwenye kebo huwashwa injini ya akiba ya dizeli, ambayo huzungusha gurudumu polepole mpaka vibanda vyote vifike kituoni.

Mtaa wa Juu
Naongezea upande wa mipango. El Alto, mji jirani wa La Paz, iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na La Paz imelala bondeni chini yake, kwa hiyo barabara za kuiunganisha hujipinda sana na kujaa magari. Laini Nyekundu ya kebo, iliyofunguliwa mwaka 2014, hupita moja kwa moja juu ya mteremko huo kwa takriban dakika 10. Ila fanya hesabu: kibanda cha watu 10 kila sekunde 12 ni watu 3,000 kwa saa kwa upande mmoja. Mtu anayedai kebo itachukua nafasi ya metro (treni za mjini zinazobeba watu wengi) kwenye mji tambarare wenye msongamano hajapiga hesabu hiyo. Medellín, Kolombia, walilielewa hilo mwaka 2004, wakaifanya kebo kuwa tawi la kuwaleta watu wa milimani kwenye metro yao.

Mwanamipango
Ahsanteni sana. Basi Wuppertal ni kumbukumbu ya kale tu?

Fundi Mitambo
Hapana, hadi leo watu huipanda kwenda kazini. Bonde la Wuppertal ni jembamba na lilishajengwa, ndiyo maana sehemu kubwa ya njia, yenye kilomita 13 hivi, imewekwa juu ya mto Wupper. (Mwaka 1950 sarakasi moja ilimpandisha mtoto wa tembo kwa ajili ya matangazo, akataharuki, akavunja ubavu wa behewa na kuangukia mtoni, akapona.) Kwenye andiko lako usiiache ajali ya mwaka 1999, iliyoua watu 5: chanzo chake hakikuwa kuning'inia kwenyewe, bali kipande cha chuma kilichosahauliwa relini baada ya matengenezo ya usiku.