Msumeno wa nakshi wa mtumba unatetemeka na kugonga, nianzie wapi?

mninga_mkavu
Wakuu, habari za kazi. Nina msumeno wa nakshi (scroll saw) wa mtumba, inchi 16, wa mikono miwili sambamba, wa juu na wa chini, inayoshika bledi katikati yake, bledi za inchi 5. Spidi ya chini umetulia. Ukivuka katikati, meza inatikisika hadi mstari wa penseli hauonekani, na kuna mlio wa ko-ko-ko kwa kila pigo la bledi. Bledi nimebadilisha, hali ni ileile. Nakata mninga wa mm 18. Nikague nini kabla ya kununua vipuri?

spana_kumi
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, yatenganishe.

Mtikisiko mara nyingi unatokana na benchi. Mkono unaopanda na kushuka mara zaidi ya 1,000 kwa dakika hautulii juu ya meza nyepesi. Funga mashine kwa bolti 4 zenye washa bapa na nati za kujifunga, katikati weka mpira wa mm 5 hivi. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea, uishie hapo. Ukiubana kabisa haufyonzi kitu. Mguu wa benchi usiogusa sakafu utilie kabari.

Kugonga ni ulegevu. Chomoa plagi, shika mkono wa juu karibu na kibano cha bledi, uinue na kuushusha, kisha usukume kushoto na kulia. Ikilia "tak" nyuma, ni bushi za mhimili, yaani vibomba vifupi ambamo ekseli ya mkono huchezea. Ikilia chini karibu na mota, ni konrodi (fimbo inayopeleka mwendo wa mota kwenye mkono) au skrubu ya alenki inayoshika krenki (kipande kinachoisukuma konrodi) kwenye shafti ya mota. Anza na hiyo skrubu, hulegea sana. Lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti. Itoe, isafishe, tia tone la gundi ya kufungia nati, ukaze.

oili_si_grisi
Naongezea kuhusu bushi. Zikiwa kavu hulia kabla hazijalika. Laza mashine ubavu, mimina oili ya SAE 20 kuzunguka ncha ya mhimili, iache usiku kucha, kisha geuza ufanye upande wa pili. Grisi haipenyi humo.

Tafadhali usiiwashe bila bledi ukitafuta mlio. Mvutano wa bledi ndio unaoishikilia mikono. Bila huo mkono wa juu unajigonga na utaharibu hata kilichokuwa kizima. Bledi ikikatika kazini, zima papo hapo.

Na angalia ubao wenyewe. Mninga wa mm 18 huinuliwa na bledi inapopanda, kisha unapiga meza, mtu akadhani ni mashine. Shusha kibonyezeo, yaani kile kiguu cha kuzuia ubao usiinuke, kiguse ubao. Bledi nayo ukiisukuma kwa kidole kutoka ubavuni isipinde zaidi ya mm 3.

mninga_mkavu
Skrubu ya krenki ilikuwa imelegea, nimekaza. Mlio umepungua, ila beringi ya konrodi ina mchezo, inalegalega. Nitajuaje saizi?

spana_kumi
Namba imechongwa ubavuni mwake, nenda nayo dukani. Chukua yenye 2RS mwishoni, yaani mpira pande zote mbili, vumbi la mbao lisiingie. Ukiiingiza kwenye konrodi sukuma ringi ya nje tu, kwa soketi inayolingana nayo. Ukigonga ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi na beringi mpya itaanza kulia siku hiyohiyo.